Stendi Ndefu ya Onesmo

"Kabla ya kulisifu jicho, tikisa mguu." Mmeisikia leo dukani, mmecheka, na sasa mnaniuliza imetoka wapi. Basi kaeni. Methali hii ni ya hapa hapa Njombe, na ilianza hivi.

Palikuwa na mpiga picha aitwaye Onesmo Mgaya, kijana hodari lakini mpenda sifa. Alijinyima mwaka mzima akanunua lenzi nzuri, lile jicho la kamera, na kila aliyekutana naye alisimuliwa habari zake. Kilichobaki mfukoni kilitosha stendi ya bei ndogo tu, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera. Hilo si kosa. Vya bei ndogo vipo, na vingine vizuri. Kosa lilikuwa katika kuchagua.

Siku zile wapiga picha wa mji huu walipimana kwa urefu wa stendi. Mtu akiingia dukani, huvuta miguu yote mpaka mwisho, husimama kando yake, na ikimpita kichwa huridhika. Mama Zaituni, mwenye duka la vifaa vya picha, alimwekea Onesmo mbili za bei moja. Ya kwanza ilikuwa ndefu, nyepesi, inang'aa, na kichwa chake cha plastiki kilikuwa na vishikio vitatu. Ya pili ilikuwa fupi, nzito, imekwishatumika, rangi imebanduka, na kichwa chake kilikuwa gololi moja ya chuma na skrubu moja ya kukaza.

"Funga kamera yako juu, ukaze, halafu uiachie," Mama Zaituni alimwambia. "Kisha shika mguu uutikise. Usinunue kwa macho."

"Mama, kwa hii fupi si nitaonekana nimechuchumaa harusini? Watu watanicheka."

"Watacheka siku moja. Picha inakaa miaka."

Onesmo akalipia ile ndefu bila kuitikisa. Wenzake walikuwepo dukani, naye aliona haya kuikagua kama mtu anayenunua mbuzi mnadani.

Jumapili iliyofuata aliitwa kwa Bibi Faidesi. Kaka yake bibi huyo, Yeremia, alikuwa amekuja kutoka Zambia baada ya miaka arobaini, na basi lake la kurudi lilikuwa la saa nane mchana. Bibi alikuwa ametoka kutolewa mtoto wa jicho, hakuweza kuvumilia jua la nje wala flashi. Alitaka kitu kimoja tu: picha yake na kaka yake na ukoo mzima, sebuleni, abaki nayo.

"Usihofu, Bibi," Onesmo alisema. "Jicho hili linaona hata kope."

Sebule ilikuwa na giza kidogo, kwa hiyo kamera ilibidi ifumbue jicho kwa sekunde nzima. Akawaambia watu wasitikisike. Hawakutikisika, hata watoto. Kilichotikisika ni stendi. Alikuwa ameivuta mpaka mwisho, na kila kamera ilipofumbua, kile kichwa cha plastiki kiliinama polepole kwa uzito wa lenzi, kama mzee anayesinzia kanisani. Onesmo alitazama kioo kidogo nyuma ya kamera, akaona sura zote zimo, akaridhika. Yeremia akapanda basi.

Picha ilipochapwa kwa ukubwa, kila mtu alikuwa na sura mbili zilizopandana. Onesmo aliipeleka kwa aibu. Bibi aliishika, akaisogeza dirishani, akairudisha karibu.

"Daktari amenipa macho, mjukuu wangu," alisema taratibu. "Yeremia ni yupi hapa?"

"Wa tatu kutoka kushoto, Bibi."

"Na lile jicho linaloona kope?"

Onesmo hakuweza kumtazama. "Jicho halina kosa, Bibi. Mguu ndio sikuutikisa."

Miezi minne baadaye Yeremia alifariki huko huko Zambia. Onesmo alikuwa ameshanunua ile stendi fupi, lakini wa kupigwa picha hakuwepo tena. Inauma, hata kuisimulia. Bibi aliitundika picha ile ukutani, na mgeni akiingia alimwonyesha kwa kidole, akihesabu: mmoja, wawili, huyu wa tatu ndiye kaka yangu. Wageni walipotoka waliulizana ilikuwaje, na jibu la Onesmo likasambaa mpaka likawa la kila mtu, awe anachagua stendi au mchumba.

Kwa hiyo mkiisikia tena, msicheke. Kabla ya kulisifu jicho, tikisa mguu.