Aliyeita Harambee Juu ya Jiwe

"Na wewe, Bwana Nyani, utashika kamba upande gani?"

Ngiri aliuliza hivyo mbele ya wote.

Paukwa! Pakawa! Mmeitikia haraka, wala hamkuuliza nawaletea nini. Haya, tegeni masikio.

Hapo zamani za kale, jiwe kubwa liliporomoka likaziba chemchemi. Wanyama wakasuka kamba ya mkonge, wakalifunga jiwe, wakamchagua Nyani awaongoze kwa kuwa ana sauti. Ndipo Ngiri alipouliza swali lake. Nyani akajifanya hakusikia. Akaliparamia jiwe, akakaa kitako juu yake, akaita, "Harambee!"

"Hee!"

Siku ya kwanza wakavuta, wakavuta, wakavuta. Jiwe kimya. "Wavivu nyinyi!" akasema Nyani. Siku ya pili wakavuta mpaka kamba ikawachuna. "Hamna umoja!" akasema Nyani. Jioni Ngiri akawakuta wanawe wanne wakilamba matope. Yule mdogo hakuwa tena na nguvu ya kulia.

Siku ya tatu Nyani akaita, "Harambee!" Pundamilia akaitikia. Kobe akaitikia. Ngiri hakufungua mdomo.

"We Ngiri, umekuwa bubu?"

"Nasubiri jibu langu la juzi."

"Mimi ni kiongozi! Kazi yangu kuita."

"Basi yaite maji, tuone kama yatakuja."

Pundamilia akacheka hadi kamba ikamponyoka.

"Nitakufukuza hapa!"

"Nifukuze. Hata nikivuta, wanangu wana kiu vilevile."

"Harambee!" Pundamilia kimya. "Harambee!" Kobe kimya. "Harambee!" Hata mwangwi haukujibu.

Nyani akaruka chini, macho mekundu, akaikamata kamba. "Sasa nitawaonyesha kuvuta! Harambee!"

"Hee!" akaitikia Ngiri, tena kwa sauti kuliko wote.

Jiwe likacheza. Likainama. Likabiringika, na maji yakaruka juu.

"Kumbe siku zote tulikuwa tunamvuta na yeye!" akasema Kobe.

Nyani alikuwa akitazama viganja vyake. "Jamani, vimechubuka."

"Karibu kazini, bwana," akasema Pundamilia.

Siku hiyo watoto wa Ngiri walikunywa kwanza, na hakuna aliyethubutu kuuliza kwa nini.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye maji. Nawe uliyewahi kusema pakawa, nakuomba: kesho ukiitwa, kabla hujaitikia, mtazame viganja anayekuita.