Kuku Mmoja, Firigisi Moja

Hapo zamani, si ile ya wanyama kusema bali ya juzijuzi tu, Mwasiti alikuwa na binti, Sikudhani, aliyesifiwa mtaa mzima kwa adabu. Akizungumza na mkubwa hamkazii macho, hutazama pembeni. "Umelea," watu walimwambia mama, naye kichwa kikamvimba.

Wifi yake, Mwantumu, ndiye aliyeiharibu sifa hiyo. "Adabu gani, wifi? Hata sufuria anaitazama kwa ubavu. Hata mbuzi. Mbuzi naye mkwewe?"

Wakanuniana. Lakini usiku Mwasiti akanyoosha uzi mbele ya mtoto, ayapime macho yake. "Umenyooka?"

"Umepinda, mama. Na katikati haupo."

Asubuhi wakaenda hospitali. Bwana Shomvi, mpiga picha za ndani ya jicho, akamwambia Sikudhani atazame taa. Picha ikatoka haifai. Akarudia, bure. Foleni ikaguna. Ndipo Shomvi akatambua kwamba mtoto akiitazama taa moja kwa moja, haioni. "Basi tazama upendavyo, mwanangu. Mashine itakufuata." Akaisogeza, akaisogeza, mpaka ikanasa: doa la njano kama kiini cha yai, katikati kabisa ya pazia la nyuma ya jicho, lile linalopokea mwanga.

Daktari Nkinda akaitazama picha, akatamka neno ambalo Mwasiti hakuwahi kulisikia kwa daktari: "Sijui." Ugonjwa ule ulikuwa adimu. Lakini hakumpa miwani tu ili aondoke. Aliituma picha kwa mabingwa wa mbali, akawasumbua kwa simu mpaka wakajibu: chini ya doa damu inavuja, achomwe sindano ya jicho kabla kovu halijaota.

Akachomwa. Maandishi madogo bado yanamshinda Sikudhani, lakini sura ya mama yake anaiona.

Mwasiti akachinja kuku, akawaalika wote watatu: wifi, mpiga picha na daktari. Firigisi ni fungu la mheshimiwa, na haigawanywi.

"Bila mdomo wangu," alisema Mwantumu, "mngekuwa mnasifu adabu mpaka leo."

"Mdomo wako ulitaja mbuzi, dada," alisema Shomvi. "Ugonjwa niliuonyesha mimi."

Nkinda akacheka. "Na picha yako ingebaki bubu kama ningejifanya najua."

Mwasiti akaichota firigisi kwa upawa. "Nawashukuru nyote sawasawa," alisema, "ila kuku hakuumbwa hivyo."

Haya, wenzangu, mchuzi unapoa. Upawa ungekuwa mkononi mwako, ungeitia kwenye sahani ya nani?