Tonge la Kwanza la Mwanakheri

Ondoka mwangu kichwani, neno lako silitii;
Maji yakae pipani, yakiita sikimbii.

Yashikeni maneno hayo, nyinyi mlioketi mbele na nyinyi mliosimama mlangoni. Aliyeyatunga ni mtoto wa miaka kumi na mmoja, na kuna shauri lake ambalo halijapata mwamuzi hadi leo.

Palikuwa na watu watatu katika mji wa Tanga, kila mmoja na kipawa chake. Wa kwanza ni Bi. Asumini, mpika maandazi wa Ngamiani. Kipawa chake kilikuwa mkono: akishika unga, unga humtii. Wa pili ni Edina Shemweta, muuguzi wa wagonjwa wa akili. Kipawa chake kilikuwa jicho: aliweza kukaa ana kwa ana na hofu ya mtu mwingine bila kupepesa. Wa tatu ni Maalim Nasoro, mwalimu wa chuo cha Kurani. Kipawa chake kilikuwa ulimi: neno akishalitamka, hakulirudia wala hakulirudisha.

Na palikuwa na Mwanakheri, mjukuu wa Bi. Asumini. Kipawa chake yeye hakuna aliyekijua.

Mwanakheri alishikwa na wasiwasi. Sisemi wasiwasi wa mtu aliyechelewa safari. Nasema ule ugonjwa ambao fikra humwamuru mtu arudie jambo, naye akilirudia humwamuru tena. Kwake yeye amri ilikuwa maji. Kila kiungo cha udhu akioshe mara saba. Mtu akisema neno katikati, aanze upya. Kivuli kikimpitia, aanze upya. Alikwenda kwenye pipa la uani wenzake wakifungua misahafu, akarudi wakiifunga. Ngozi ya vidole vyake ilichanika ikatoa damu, na damu, kwa kuwa ni najisi, ikamrudisha pipani. Sinia la pamoja alilikimbia kabisa. Mikono sita ndani ya wali mmoja! Alikula peke yake, karibu na mlango, mgongo ukutani.

Hitimu ya chuo ilibakiza miezi mitatu, na sharti lake halikuwa na mlango wa nyuma: watoto tisa wanaohitimu waketi mkekani pamoja, kisomo kifunguliwe mara moja, na asiyekuwapo kinapofunguliwa hahesabiwi. Atangoja mwaka mwingine. Mwanakheri alikuwa amekwisha kungoja mwaka mmoja, akiwa pipani.

Jirani yao, Bi. Kurthumu, alikuwa na dawa yake tayari.

“Shoga, huyo ana jini wa maji. Mpeleke akapungwe, upumzishe pipa lako.”

“Angekuwa jini wa maji, shoga, angenisaidia hata kuchota,” akajibu Bi. Asumini. “Mjukuu wangu hapungwi. Ataketi mkekani na wenzake, nawe utakuja kula wali wangu siku hiyo, utake usitake.”

“Nitataka,” akasema Bi. Kurthumu. “Wali sijaukataa.”

Sikilizeni basi alichokifanya Bi. Asumini. Mwanakheri alikuwa akiumwa na tumbo pia, na daktari wa watoto akashauri wajaribu wiki sita bila ngano, bila maziwa, bila sukari, mtoto apimwe uzito kila Jumatatu. “Kama chakula hiki kitaufikia na wasiwasi, sijui,” akasema, “na siahidi. Kikimkondesha, tunaacha.” Katika maneno hayo yote bibi alisikia moja tu: bila. Alinunua sufuria mpya, sahani mpya na kijiko kipya, akavitia alama ya rangi nyekundu, akaviweka rafu ya juu, mbali na unga. Hapo ndipo alipokosea, na lilikuwa kosa ambalo ni mpishi hodari tu angeweza kulifanya: alikitenga chakula kwa unadhifu uliopita kiasi. Wasiwasi uliiona sahani ile ukakaribia kama aliyealikwa. Wiki ya pili Mwanakheri hakutaka mkono uliogusa unga upite karibu na kijiko chake. Wiki ya tatu alitaka sufuria isuguliwe mara saba. Jumatatu iliyofuata mizani ilionyesha amepungua kilo mbili.

Edina, aliyeletwa na daktari kwa ajili ya wasiwasi wa mtoto, alipofika nyumbani akaiona rafu ile, alisema neno moja gumu: “Bibi, ugonjwa umeujengea jiko lake.”

Bi. Asumini aliitwaa sahani yenye alama nyekundu, akatoka nayo uani, akawawekea kuku pumba ndani yake. Kisha akazima jiko la maandazi, jiko ambalo halikuwahi kuzimwa tangu alipokuwa bi harusi, na asubuhi hiyo Ngamiani nzima ilikunywa chai kavu. “Kama hali mmoja, hatuli sote,” akatangaza. Tangu siku hiyo watu sita wa nyumba ile walikula wali, mihogo, samaki, mchicha wa nazi, ndani ya sinia moja, bila ngano, bila maziwa, bila sukari. Mjomba mtu alilalamika kwa sababu ya chai yake. Akaambiwa mlango anaujua. Mtoto asiyekula ngano hakuwa tena mgonjwa wa nyumba. Alikuwa mtu wa nyumba ile, kama wengine. Daktari aliendelea kupima. Kilo zikarudi, tumbo likatulia, na usingizi uliokuwa ukimpita Mwanakheri ukakumbuka anwani yake.

Sikilizeni sasa alichokifanya Edina. Kila Jumanne na kila Ijumaa alimketisha Mwanakheri mbele ya kitasa cha mlango wa uani, kitasa kinachoshikwa na kila mtu.

“Kishike.”

Akakishika.

“Hofu ni ngapi, kati ya kumi?”

“Tisa, sista.”

“Tukae nayo.”

“Nikanawe kidogo tu?”

“Hata tone.”

“Sista, una roho mbaya.”

“Ninayo. Ngapi sasa?”

“Tisa.” Akabadilisha mkono, hakukiachia. “Nane. Lakini bado una roho mbaya.”

Edina hakumpapasa wala hakumfariji, kwa maana alijua kwamba faraja nayo hugeuka maji, mtu akaitaka tena na tena. Alikaa tu, macho makavu, mpaka nane ikawa tano na tano ikawa mbili. Kutoka kwenye kitasa wakaenda kwenye sakafu, kutoka sakafuni kwenye viatu, na kutoka kwenye viatu wakafika kwenye sinia. Siku ya kwanza Mwanakheri alipoutia mkono wake katika wali ulioguswa na mjomba wake, alilia machozi yakadondokea siniani kwa wote. Hakuna aliyeondoa mkono. Walikula.

Sikilizeni na alichokifanya Maalim Nasoro. Mwanakheri alikuwa akimwogopa Mungu kuliko kitasa, na huko jicho la Edina halikufika. Akamwendea mwalimu wake baada ya darasa.

“Maalim, kama udhu wangu haukutimia?”

“Umetimia.”

“Hukuniona nikitawadha.”

“Sikukuona, wala sihitaji. Udhu wako ni mmoja. Shaka ikujiayo baada yake, hukumu yake ni kutupwa. Ukiulizwa, sema ni Nasoro aliyekufundisha, nami nitasimama nijibu.”

Kesho yake mtoto akarudi na swali lilelile. Maalim alimtazama, akaendelea kuchonga kalamu. Keshokutwa akarudi tena. Maalim akachonga kalamu ya pili. Wazee wa chuo wakamwambia ni mkatili, mtoto anataka neno moja tu la kumtuliza. “Nilikwisha kumpa,” akasema. “Likiwa mawili, si neno tena.”

Hivyo ndivyo miezi mitatu ilivyokwenda, ikaja Alhamisi ya hitimu. Watoto wanane walikuwa wamekwisha kuketi. Mwanakheri alikuwa penye pipa, kata mkononi, anatawadha udhu wake mmoja. Alipomaliza mguu wa kushoto akaiweka kata chini, na hapo Bi. Kurthumu, aliyekuja mapema kwa ajili ya wali, akapaza sauti kutoka dirishani:

“Masikio umeyaruka, mwanangu! Nimekuona!”

Bi. Asumini alishika nguzo ya mlango. Edina hakusogea. Ndani, Maalim Nasoro alikuwa ameufungua msahafu na kuinua kidole, tayari kuanzisha kisomo.

Mwanakheri aliitazama kata. Mkono wake uliinuka kidogo, ukabaki hapo hewani. Kisha akasema, si kwa jirani bali kwa yule mwingine asiyeonekana:

“Ondoka mwangu kichwani, neno lako silitii. Maji yakae pipani, yakiita sikimbii.”

“Ananisema mimi?” akauliza Bi. Kurthumu.

“Kama masikio nimeyaruka, basi nimeyaruka,” akasema Mwanakheri, akaenda zake. Aliingia chuoni miguu ikidondosha maji, akaketi, nao wakawa tisa. Kidole cha Maalim kikashuka. Na mjue kwamba kupangusa masikio ni sunna. Aliyeacha hakuharibu kitu. Maalim alilijua hilo, lakini hakumwambia siku ile. Mtoto alikwenda bila kulijua.

Baada ya kisomo ikaja karamu uani kwa Bi. Asumini: mkeka wa wanaume huku, mkeka wa wanawake huku, wali wa nazi na samaki katikati. Desturi ya chuo kile ni kwamba aliyehitimu hulifinyanga tonge la kwanza kwa mkono wake mwenyewe, akamlisha mtu aliyemfikisha siku hiyo. Kwa watoto wanane lilikuwa jambo la mzaha na kicheko. Kwa mtoto ambaye miezi mitatu nyuma hakuweza kugusa kitasa, mkono wake kufika kinywani mwa mtu ulikuwa ushahidi, na watu watatu waliutaka.

“Kinywa changu kipo wazi,” akasema Bi. Asumini. “Nilizima jiko langu. Bila mwili wenye nguvu na usingizi, mngemfundisha nani? Siku aliyoonjeshwa andazi tena, wiki sita zilipokwisha, alinawa mpaka jua likatua. Mwataka ushahidi gani mwingine?”

“Siku hiyohiyo, bibi, paka alikufa mlangoni penu,” akajibu Edina. “Na amekula maandazi mara tatu tangu hapo, hakunawa. Sijawahi kuona chakula peke yake kikiondoa wasiwasi. Nimeona chakula kikiulisha, na nimekiona humu humu ndani. Aliyemfundisha kukaa na hofu ni mimi.”

“Wewe sinia la kumfundishia ulilitoa wapi?” akauliza Bi. Asumini. “Ulikuja nalo kwenye mkoba?”

Kutoka mkeka wa pili Maalim Nasoro akakohoa. “Desturi humpa mwalimu. Mwili ulikuwa mzima na zoezi alikuwa amelizoea, lakini pale pipani alikuwa akiogopa moto wa Jahannamu. Kwa hofu hiyo alikuwa na neno langu tu.”

“Nanyi nyote mmenisahau,” akasema Bi. Kurthumu. “Mimi ndiye niliyemjaribu.”

Kicheko kikapasuka, lakini tonge likawa bado halina mwenyewe.

Basi shauri liko mbele yenu. Mwondoeni Bi. Asumini: mtoto anabaki amekonda, anakula peke yake karibu na mlango, na hakuna sinia la kujifunzia. Mwondoeni Edina: sahani nyekundu ingali rafuni, na kitasa kingali adui. Mwondoeni Maalim: mtoto ana nguvu na mazoezi, naye anarudi pipani kwa kumcha Mungu. Nani anastahili tonge? Aliyejinyima pamoja naye, asijue hadi leo kama ni ukosefu wa ngano uliomsaidia au ni wingi wa mikono siniani? Aliyemnyima faraja? Aliyemnyima neno la pili? Au tuseme wote watatu walisimama nje ya pipa, na aliyeiweka kata chini ni mmoja, naye hawezi kujilisha tonge la shukrani mwenyewe?

Msiniambie wagawane, tonge halikatwi. Msiniambie amepona, shauri limekwisha. Wasiwasi bado humwita, ila sasa huita ukangoja. Wala msiniambie wa kwanza kupokea ni mkubwa kwa umri, kwa maana hatukuulizana umri hapa. Je, wewe uliyesikia yote, ungemlisha nani?

Shaurianeni. Mimi nitasema lililoonekana tu. Kabla ya tonge kuna kunawa, na birika lilipita mkeka hadi mkeka pamoja na beseni lake, maji mara moja kwa kila mkono, wala mtu hakuongezewa. Bi. Asumini akaketi. Edina akaketi. Maalim Nasoro akaketi, na Bi. Kurthumu alikuwa ameketi zamani. Aliyebaki amesimama ni Mwanakheri, aliyewanawisha wote, birika mkononi, mikono yake mwenyewe mikavu.