Baka la Mtoto wa Siwema

Nitegeeni sikio, hasa ninyi mnaonyonyesha. Usiku mmoja Siwema alisikia mtoto akilia dirishani, ilhali wake amelala mapajani. Mwanawe huyo alizaliwa na baka la buluu ya kijivu makalioni, kama pamevilia damu, na mavyaa wake, Bi Mize, akasema, "Hiyo chapa ya zimwi. Isipotoka kabla ya arobaini, mtarudi kwenu wote wawili." Siwema akalisugua kwa dodoki, halikutoka. Akalisugua kwa ndimu, halikutoka. Akalisugua kwa majivu, mtoto akalia, mama akalia, halikutoka.

Basi usiku huo dirishani likachungulia zimwi jike lenye jicho moja, kitoto mgongoni.

"Shoga, wangu kazaliwa na baka, na mavyaa anasema ni chapa ya binadamu."

Siwema alikuwa amechoshwa hata hofu imemwisha. "Hebu nione." Baka lilikuwa lilelile. "Mimi nimesema si chapa mpaka koo limekauka. Nani anamsikiliza mkazamwana?"

"Basi kamwambie mavyaa wangu, nami nimwambie wako."

Siku ya arobaini sauti ikanguruma juu ya paa: "Bi Mize, huyo si wetu. Wetu tunawajua."

Neno lilelile la Siwema, sasa likaaminiwa. Bi Mize akamtoa mjukuu nje mbiombio, akimwita "mume wangu."

Jioni Siwema akaenda msituni kusema yake, na zimwi kikongwe nalo likaamini papo hapo. Wakiagana, mama wale wawili wakaapa: kwamba watoto wao wana baka lilelile, hawatamwambia mwingine yeyote.