Kitenge cha Siku ya Kusoma

Hapo zamani, huko mlimani kwenye mvua isiyojua kupumzika, aliishi mama mmoja jina lake Subilaga. Sogeeni karibu. Anayetaka kukohoa na akohoe sasa, maana mwisho wa hadithi hii mtautoa ninyi, na sitaki mtu aniambie baadaye kwamba hakusikia vizuri.

Shule ilikuwa ng'ambo ya mto, na mto ule wakati wa masika haukuwa na simile. Basi nyumba chache za Wakristo wa mlimani zikakubaliana: watoto wetu tutawafundisha wenyewe, nyumbani, kwa ubao, kwa Biblia na kwa vile tulivyo navyo. Kila Jumamosi walikusanyika kwenye nyumba moja. Anayejua hesabu aliwafundisha hesabu watoto wa jirani, anayejua kuimba akawafundisha nyimbo, na aliyechoka akapumzishwa. Msidhani ilikuwa lelemama. Jaribu wewe kufundisha kugawanya huku ndama amekata kamba na uji unafurika motoni.

Na walikuwa na desturi yao. Mtoto akishajua kusoma, alisimamishwa mbele ya nyumba zote, mtu akamfungulia Biblia popote pale, naye akasoma. Akimaliza alipewa kitenge kipya, akakivike mabegani mwa mwalimu wake. Kitenge kilikuwa kimoja na hakikukatwa. Waliovikwa walikivaa kanisani miaka yote, kila mtu akajua: huyu ndiye aliyemtoa mtoto gizani.

Subilaga alikuwa na namna yake ya kufundisha. Kusoma kulikuja kwanza, asubuhi, mara baada ya sala na uji, kabla kichwa cha mtoto hakijachoka. Herufi ziliandikwa kwa kidole kwenye jivu lililotandazwa juu ya ungo. Hesabu zilifanywa kwa maharage, na maharage yakishahesabiwa yaliingia chunguni. Somo lilikuwa fupi. Akiona hasira zinampanda, aliweka chaki chini akaenda kukata majani ya ng'ombe mpaka moyo utulie. "Mama akinuna," alisema, "mtoto hajifunzi herufi, anajifunza kununa."

Lakini sheria yake kubwa ilikuwa moja. Mtoto akisoma vizuri, hakumsifu kwanza. Alinyoosha mkono, akafunua mbele, akasema: "Haya, sasa nisomee usipopajua." Maana watoto wa nyumba za sala hulisikia Neno asubuhi na jioni, wakalishika kwa masikio, nawe ukadhani wanasoma.

Alikuwa na mabinti wawili. Mkubwa, Tusekile, alisoma upesi, akamvika mama yake kitenge angali mdogo. Wa pili, Atupele, herufi zilimkataa. Leo anazijua, kesho amekuwa mgeni kwao. Lakini masikio yake! Alichosikia mara moja hakikumtoka. Mama akisema, "Nisomee usipopajua," Atupele alitazama ukurasa mpaka machozi yakamlenga. Mama akamwambia, "Haidhuru, mwanangu. Kesho tena." Ikaja kesho, na kesho nyingine.

Kisha Subilaga akashikwa na kifua. Akakonda, akakohoa, kitanda chake kikahamishiwa jikoni karibu na moto kwa sababu ya baridi. Mumewe, Gwakisa, akamwuliza, "Mama Tusekile, unataka nini nikufanyie?" Akajibu, "Sitaki kitu. Nataka nimsikie Atupele akisoma. Nikimsikia huyu, nitapumzika."

Kila siku alisema hivyo. Kila siku alikunywa dawa chungu na uji usiopita kooni, akasema, "Ninamsubiri Atupele."

Tusekile ndiye aliyekuwa akimfundisha mdogo wake sasa. Alijitahidi kwa jivu, alijitahidi kwa maharage, na aliona mama anakwisha na herufi haziji. Siku moja, wanapalilia viazi, akaanza kumtajia zaburi ya milima, neno kwa neno, naye Atupele akaipokea neno kwa neno. Akamwonyesha pa kuweka kidole anapoanza. Akamwambia, "Nikikugusa mguu, funua ukurasa."

Atupele akaacha jembe. "Dada, huku si kusoma."

"Najua."

"Mama atanifungulia nisipopajua."

"Labda hatafanya hivyo. Amechoka, Atupele. Unataka aende bila kukusikia?"

Atupele hakutaka mama aende kabisa. Lakini hilo hakuna aliyemwuliza.

Basi wakaingia jikoni. Gwakisa akavua kofia, akasimama mlangoni. Atupele akafungua kitabu, akaweka kidole, akasoma. Hakukosea hata neno. Aliguswa mguu, akafunua, akaendelea mpaka mwisho. Gwakisa akashindwa kujizuia, akatoka nje kufuta machozi.

Hapo mama akanyoosha mkono kwenye kitabu, kama ilivyokuwa desturi yake, akafunua mbele. Tusekile akafumba macho kwa hofu. Atupele peke yake ndiye aliyeona. Mama aliutazama ukurasa ule. Akamtazama Atupele. Akamtazama Tusekile aliyefumba macho, akakaa anamtazama. Kisha akatabasamu, akakifunga kitabu taratibu.

"Inatosha," akasema. "Ndaga, wanangu. Asanteni."

Tangu siku ile Subilaga hakunywa dawa tena. Akiletewa uji aligeuza uso, akasema, "Kazi yangu imekwisha, niacheni nipumzike." Viazi vilikuwa bado havijachimbwa walipomzika. Iliuma, jamani. Baba alikaa na kofia mikononi asijue pa kuiweka, na kila asubuhi baada ya sala watoto waliutazama ungo wa jivu, hakuna aliyeugusa.

Ndipo akaja shangazi yao, Ambwene, dada yake Gwakisa. Alikuwa mjane, ana nyumba yake na migomba yake kule bondeni. Akaviacha vyote. Asubuhi ya kwanza akamwita Atupele, akamfungulia kitabu, akasema maneno yale yale, kwa kuwa naye alizoea kuja kwenye nyumba zile Jumamosi, akamsikia wifi yake akifundisha: "Nisomee usipopajua."

Atupele akautazama ukurasa.

"Soma, mama."

Atupele akaanza zaburi ya milima, na ukurasa ulikuwa wa mambo mengine kabisa.

"Nani amekufundisha uongo huu?" shangazi akauliza. Tusekile akapiga magoti, akaeleza yote. Shangazi akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo ambalo ingekuwa heri asingelisema. "Wifi yangu alikuwa anashikilia uhai kwa ajili ya mtoto huyu. Ninyi ndio mliomwambia aachilie."

Tangu hapo Tusekile hakuimba tena kwenye sala. Alifungua kinywa, sauti haikutoka.

Lakini shangazi alikuwa mtu wa kazi. Mbinu za wifi yake alizifuata zote: asubuhi kwanza, somo fupi, chaki chini hasira zikija. Na zake zikaja nyingi. Herufi zilipoendelea kugoma, akabuni njia. Akachukua zaburi ile ile ya uongo, ambayo mtoto anayo kinywani, akaifunika kwa ganda la mgomba kavu lililotobolewa tundu dogo. Neno moja tu likaonekana. "Unalijua kwa mdomo," akasema. "Lijue na kwa macho." Likaja moja. Likaja la pili. Siku lilipokuja neno lile lile kwenye ukurasa mwingine, Atupele akapiga kelele mpaka kuku wakatawanyika uani, na shangazi Ambwene, mama mkavu yule, akalia.

Masika yakapita, siku ya kusoma ikafika. Nyumba zote zikaja. Jirani mmoja akafungua Biblia popote pale, na Atupele akasoma. Alikwama, akarudi nyuma, akakwama tena, lakini alisoma asipopajua. Watu wakashangilia. Gwakisa akaleta kitenge. Subilaga mwenyewe ndiye aliyekiweka akiba tangu zamani, cha kijani na njano, kwa ajili ya siku hii.

Atupele akakipokea. Watu wakasogea waone atamvika nani.

Shangazi Ambwene akasema, "Mimi sioni haya kusema. Niliacha nyumba yangu, migomba yangu wanavuna wengine. Nilimkuta hajui, leo anajua. Aliyesoma hapa nimemsomesha mimi."

Gwakisa akasema, "Dada, hatukukunyima shukrani. Lakini jivu ni la nani? Maharage ni ya nani? Aliyekaa na mtoto huyu miaka asikate tamaa ni nani? Kakiweke kwenye kaburi la mama yako, Atupele. Alikufa akiamini kazi yake imekwisha. Hiyo ndiyo faraja pekee niliyobaki nayo."

Tusekile alikuwa ameketi nyuma, ameinamisha kichwa. Watu wakamwambia aseme. Akasema polepole, "Mimi sidai kitu. Lakini shangazi, zaburi uliyomfundishia ni ile niliyomtia kinywani. Na mama alifurahi. Siku moja, katika ugonjwa wote ule, alifurahi. Siku hiyo nilimpa mimi. Kama ndiyo iliyomwua, semeni, ila msininyamazie tena." Akaanza kulia, na hakuna aliyemnyamazisha.

Atupele akasimama katikati na kitenge mikononi. Alimpenda kila mmoja wao, na hapo ndipo shida ilipokuwa. Akimvika shangazi, atakuwa amemwambia dada yake mbele ya watu wote kwamba ni kweli, wewe ndiye uliyemfanya mama aachilie. Akimvika dada, atakuwa amesema uongo ni mwalimu, na mama yake hakumlea hivyo. Akikipeleka kaburini, mvua itakilowesha kabla ya jioni, na shangazi atashuka bondeni mabega matupu.

Na kulikuwa na lile aliloliona yeye peke yake: mama alivyofunua ukurasa, akautazama, akakifunga kitabu. Mama alijua. Alijua, akasema inatosha, akamshukuru na yule aliyemdanganya. Atupele akilisema hilo sasa hivi, dada yake ataacha kulia, maana mama hakudanganyika, aliachilia kwa hiari yake. Lakini baba, aliyesimama pale ameshika kofia yake, atajua kwamba mkewe hakufa na kazi iliyokwisha. Alikufa akimwacha mtoto asiyejua kusoma, akatabasamu kwa ajili yao.

Atupele akakikunjua kitenge. Tusekile akainua macho. Shangazi akakaa sawa. Baba akatazama njia iendayo makaburini.

Mimi naishia hapa, na wewe uliyekuwa ukitikisa kichwa tangu mwanzo, jibu wewe kwanza. Je, alipaswa kusema alichokiona, au kukaa nacho moyoni? Na kitenge kile, nani alistahili kuvikwa?