Gari Jekundu na Pumzi ya Pili

Hapo zamani, wala si zamani ya babu zenu, zamani ya juzi tu, magari yalipokwisha kujifunza kupumua kwa namna mbili, aliishi Mombo mjane mmoja, Bi Sihaba. Mumewe, fundi Shekigenda, alimwachia gari jekundu na uchungu mmoja: miaka saba alishindana katika mbio za magari za kuupanda mlima wa hapo, miaka saba akashindwa. Bi Sihaba akaapa mbele ya gereji nzima, "Atakayenishindia mlima huu, gari ni lake." Na ahadi ni deni.

Basi gari lile likienda taratibu, vali zake, vile vilango vya kupitishia hewa injini, zilifunguka kidogo. Injini ikifika mizunguko elfu tano na mia nane kwa dakika, zilifunguka sana, likapata pumzi ya pili, likanguruma. Lakini mlima ule una kona! Kila kona mwendo unashuka, pumzi ya pili inakatika, gari linabaki kukohoa.

Akaja Chambo, fundi wa kompyuta. Akapima, akabadili, akapima, akabadili. Siku kumi na tisa! Mwishowe akasema, "Mama, pumzi ilikuwa inachelewa. Nimeiwahisha, sasa inakuja kwenye elfu nne na mia sita." Wakalijaribu, likapanda kwa nguvu hata Bi Sihaba akalia kwa furaha.

Akaja Salehe, fundi asiyesikia tangu kuzaliwa. Akaweka kiganja juu ya injini, akatikisa kichwa. Akaonyesha kwa vidole: pumzi inapobadilika, injini inajikwaa, ongeza mizunguko mia tatu.

"Kompyuta haioni kitu," Chambo akacheka. Akaongeza ili kumridhisha tu. Kujikwaa kukaisha! Chambo akamkumbatia, fundi hodari humjua hodari mwenzake.

Akaja Mwanahawa, dereva. Asubuhi ya shindano ilikuwa ya baridi na ukungu, na desturi ya pale ni moja: magari yote huzimwa, dua husomwa. Mwanahawa hakuzima.

"Zima, binti! Huna adabu?" wazee wakamkemea.

"Niwieni radhi, wazee wangu. Oili ikipoa, pumzi ya pili haiji. Mungu anasikia hata penye kelele."

Bi Sihaba aliinamisha uso kwa aibu. Dua ikaisha, magari yakaondoka. Wenzake, oili imewapoa, walikohoa kona nne nzima. Yeye kona ya kwanza tu, gari likanguruma! Akafika juu wa kwanza, akamtangulia wa pili kwa sekunde moja.

Bi Sihaba akashika ufunguo. Akajua kwamba mumewe angewapenda wote watatu.

Chambo akasema, "Mama, bila mimi pumzi ingekuja gari likiwa limeshapitwa."

Salehe akajigusa kiganja, akaonyesha kidole kimoja: sekunde ile ni yangu.

Mwanahawa akasema, "Kazi yao nzuri ingelala kwenye oili ya baridi. Na matusi niliyapokea peke yangu."

Kila mmoja kasema kweli. Ufunguo ni mmoja, kiapo ni kimoja, na gereji nzima inamtazama mjane.

Haya, ninyi mnaojua kuhukumu, msimwache Bi Sihaba amesimama: kati ya aliyeiwahisha pumzi, aliyeinyoosha na aliyeilinda isipoe, nani alistahili gari la Shekigenda?