Firigisi ya Bi Mwanahawa

Hapo zamani, wala si zamani za majini, ni zamani hizi hizi za simu na umeme, alikuwepo Muheza mama mmoja, Bi Mwanahawa, mfuaji wa nguo za watu. Nguo za maharusi kwake, mashuka ya wageni kwake. Mikono ikachoka. Viganja vikavimba, hata kukamua kanga akawa hawezi. Na mashine yake ya kufulia, kongwe aliyoachiwa na dada yake, nayo ikafa.

"Mota nzima, ngoma inayozungusha nguo nayo nzima," akasema jirani yake, fundi Semboja, kichwa kikiwa ndani ya mashine. "Kilichoungua ni kibao cha umeme kinachoiamrisha. Na vibao vya mashine hii havitengenezwi tena, dada."

Bi Mwanahawa akakaa chini akalia. Jamani, alilia! Kisha akajifuta, akasema: "Atakayenirudishia mashine yangu namchinjia jogoo, na firigisi ni yake peke yake."

Firigisi mnaijua. Jogoo mmoja, firigisi moja, na nyumba ile tangu ijengwe mlaji wake alikuwa mmoja tu: mumewe, Mzee Kibwana.

Fundi Semboja akaingia kazini. Akang'oa kibao kilichoungua, akafuata waya mmoja mmoja, huu wa mota, huu wa pampu, akaunda kibao kipya cha kwake chenye swichi za kuwasha na kuzima kila kimoja. Lakini kibao hakikujua kiwashe nini, lini. Mashine ikakaa kimya.

Akaja Zuhura, binti yao, anayesomea kompyuta. Akaunga kwenye kibao kompyuta ndogo ya kufichika kiganjani, akaiandikia programu: maji yajae, ngoma izunguke, maji yatoke, nguo zikamuliwe. Wakawasha. Mashine ikafungua njia ya maji, ikasubiri. Ikasubiri. Ikasubiri weee! Zuhura alisahau kitu ambacho hata paka wa mtaa ule anakijua: bomba lao hutoa maji likipenda lenyewe, watu hutumia ndoo.

Mbeba ndoo alikuwa Mzee Kibwana. Akimimina, mashine inangoja bomba, ikichoka kungoja inamwaga maji yote nje. Anarudi kisimani, anamimina, inamwaga. Mwishowe akabwaga ndoo, akafoka: "Mmenifanya punda? Niwekeeni kitufe! Nikishamimina nakibonyeza, ijue maji ni hayo, ifue, basi!"

Zuhura na Semboja wakarudi kazini. Kitufe kikawekwa. Mzee akamimina, akabonyeza. Ngoma hiyoo, ikazunguka! Mashuka yakatoka meupe, yamekamuliwa, na Bi Mwanahawa hakutia hata kidole majini. Akapiga vigelegele mtaa mzima ukasikia.

Jogoo akachinjwa. Wali ukapakuliwa. Firigisi ikawekwa kwenye kisahani chake, na hapo ndipo kasheshe lilipoanza.

"Mimi," akasema Semboja, "nisingeifungua mashine ile, leo ingekuwa chuma chakavu. Na malipo nilikataa kwa sababu nilitajiwa firigisi."

"Mimi," akasema Zuhura, "niliipa akili. Bila mimi ni pipa lenye waya. Tena mama, tangu nizaliwe firigisi naambulia harufu tu!"

"Mimi," akasema Mzee Kibwana, mkono umeshafika kisahanini, "bila kitufe changu mngekuwa bado mnangoja bomba. Halafu firigisi ni ya baba. Imeanza lini kushindaniwa?"

Bi Mwanahawa akakivuta kisahani kwake. Wote watatu aliwapenda, na wote watatu aliwaogopa. Jirani akinuna, waya zikikatika nani atazishika? Binti akinuna, programu ikigoma nani ataituliza? Na mume akinuna, ndoo atabeba nani?

"Basi niigawe?" akauliza kwa unyonge.

"Ulisema ya mtu mmoja, peke yake!" wakajibu kwa pamoja.

Haya, nyinyi mnaocheka, acheni kucheka mnisaidie. Kisahani hicho, firigisi inapoa, na mama wa watu kaikodolea macho. Je, ampe nani?